Kiti cha Mwalimu Kinapokuwa Kitupu

Huku kwetu Yakobi, karibu na mji wa Njombe, ukungu wa asubuhi ni jambo la kawaida. Watoto huja madrasa wamejifunika mashuka, na mara nyingi huwasikia kabla sijawaona. Katika ukungu wa namna hiyo alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma zamani. Sasa anajifunza urubani Afrika Kusini. Alinihadithia jambo lililoniondolea usingizi.

Katika elimu yao, mwanafunzi huruka kwanza pamoja na mwalimu. Akishaiva, mwalimu huteremka, akamwacha apae peke yake. Ndivyo walivyofundishwa pia vijana wetu huko Soroti, Uganda, tangu chuo kile kilipoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye hutumwa safari ya mbali. Kwa kanuni za kimataifa, atakaye leseni ya rubani binafsi sharti aruke peke yake saa zisizopungua 10, ikiwemo safari moja ya kilomita 270, akitua katika viwanja viwili vingine. Kiti cha mwalimu ki kitupu, lakini redio ipo, na wapo waongozaji wa ndege wanaosikiliza.

Kijana wangu alikuwa katika safari hiyo, mawingu yakashuka. Aligeuka kuyakwepa, akaikosa reli aliyoitazamia. Alijua kuwa amepotea, lakini alinyamaza. Alizunguka karibu robo saa, mafuta yakipungua, na kidole chake ki juu ya kitufe cha redio. Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema, mwanangu?" Akainamisha kichwa. "Niwie radhi, Maalim. Nilikukumbuka wewe."

Nami nikakumbuka. Siku moja aliniuliza maana ya aya kwa mara ya pili, nikamwambia mbele ya wenziwe kuwa mwenye akili haulizi mara mbili. Watoto wakacheka. Tangu siku ile hakuuliza tena, nami nikadhani kuwa amepata adabu.

Alhamdulillahi, mwishowe alisema kuwa yeye ni mwanafunzi, yu peke yake, na amepotea. Mwongozaji hakumcheka. Alimwuliza yuko juu kiasi gani, dira inaelekea wapi, mafuta yamebaki ya muda gani, na chini anaona nini. Akampa namba ya kuweka katika chombo chake ili rada imtambue, kisha akamwelekeza pa kugeukia, kwa maneno machache na ya upole. Akatua salama. Na tuzingatie: mwongozaji hakuishika ndege ile. Aliyeirusha hadi chini ni kijana yule yule.

Kwa marubani, kuomba msaada ni sehemu ya elimu. Mwanafunzi hufundishwa kujitambulisha mapema, ili asemeshwe polepole. Akiwa hatarini hutamka "Mayday" mara tatu, neno lililotokana na Kifaransa, maana yake "nisaidieni". Na lipo wimbi la redio, megahezi 121.5, lililotengwa duniani kote kwa wenye dhiki.

Je, sisi wenye vilemba? Nabii Musa (A.S.), pamoja na utukufu wake, alimwomba Mola wake ampe nduguye Haruni, mwenye ulimi fasaha, awe msaidizi wake. Na katika Suratun Nahl tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua. Basi amri hiyo inamlazimu na mwenye kuulizwa awe na kifua cha kupokea swali.

Nilimwomba kijana radhi. Jumamosi iliyofuata niliwasimulia watoto habari hii, na kosa langu sikulificha. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza swali nililokwisha kulijibu mara mbili. Nikalijibu mara ya tatu.

Kila mtoto tunayemsomesha, ipo siku ataruka peke yake, katika ndoa, katika biashara, katika msiba. Kiti chetu kitakuwa kitupu, na kitakachobaki sikioni mwake ni sauti yetu. Mwenyezi Mungu aijaalie iwe sauti ya kumwambia: sema, usione haya. Amin.