Goma: maji yaliyobaki ndani ya mashine

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, kijana mmoja, mkimbizi wa ndani kutoka Masisi, aliiacha mashine yake ya kuoshea pikipiki na kukimbia na watoto. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha. Aliporudi, kamba ya kuwashia haikuvutika hata kidogo. Pampu ilikuwa imekwama kwa kutu.

Fundi mzee akaifungua. Mafuta ya pampu yalikuwa meupe kama maziwa, alama kwamba maji yamepenya.

« Mwanangu, haikuharibiwa na kazi », akamwambia. « Ni maji uliyoyaacha ndani. »

Vali zikalowekwa katika mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Mipira iliyochakaa ikabadilishwa, mafuta mapya yakatiwa. Malipo yakawa deni.

Sasa, kila jioni, kijana anazima injini, anafunga maji, anafinya kishikio mpaka nguvu iishe. Kisha anavuta kamba taratibu, mara tano, mpaka tone la mwisho litoke.

Wenzake wanamuuliza: « Si utairudia kesho asubuhi? »

« Hata siku ile », anawajibu, « nilijua nitarudi asubuhi. »