Ridhaa ya Nani?

Tukisikia wasichana wa Afghanistan wamezuiwa kusoma sekondari, tunasikitika. Ya kwetu tunayanyamazia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha; mwaka ukapita, vifungu vikabaki.

Mbeya nilikokulia na vigangoni Iringa ninakofanya utume wakati wa likizo, husemwa: “Amevunja ungo, anasubiri nini?” Kaka yake haulizwi.

Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana, isiyoweza kutolewa na mamlaka yoyote ya kibinadamu kwa niaba yao. Hata hivyo, kanuni ya 1083 inataja miaka 14 kwa mwanamke, ingawa Maaskofu wanaweza kuipandisha. Basi tusilinyoshee Bunge kidole peke yake. Kabla ya kutangaza ndoa kanisani, tumuulize binti, akiwa peke yake: umekubali wewe, au wamekubali wazazi?