Kiungo Kinachofunguka

Kazi ya mabomba mjini Isiolo imenijengea msimamo mmoja ninaoutetea mbele ya wenye nyumba na mafundi wenzangu: pale sinki ya choo inapokutana na paipu ya maji taka hapafai kuzibwa kwa simiti. Panataka konekta ya raba, inayovikwa mdomo wa sinki upande mmoja na kuingia kwenye paipu ya inchi 4 upande wa pili. Simiti inapendwa kwa sababu haikosi kubaki baada ya kupigwa sakafu, na kiungo chake kikikauka huonekana imara. Lakini uimara wenyewe ndio kasoro. Plastiki ya PVC hutanuka kwa joto takriban mara 6 kuliko zege, na kauri ya sinki hutanuka kidogo hata kuliko zege. Paipu ya mita 3 iliyo wazi ukutani, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu milimita 4. Jua la Isiolo halishindwi kupandisha joto hilo, na usiku paipu hurudi ilikotoka. Ongeza kwamba simiti haishikani na PVC laini, na kwamba sinki hutikisika kila mtu anapokaa. Ufa lazima utokee, na usipotokea kwenye simiti hutokea kwenye kauri.

Wapo wanaosema ufa mwembamba huleta harufu tu, na harufu haiui. Jibu liko kwenye trapu. Alexander Cumming, mtengenezaji saa wa London, alipata hataza mwaka 1775 kwa choo chenye trapu, yaani kona inayobakiza maji, na hadi leo maji hayo, kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo mlango kati ya chumba na hewa ya shimo. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipowapata watu zaidi ya 300 katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wachunguzi walitaja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa miongoni mwa njia ulizopitia. Kwetu maji ya mfereji hayaaminiki, na trapu ya choo kisichotumiwa hukauka upesi. Hilo lina dawa: mimina maji. Ufa ulio nyuma ya trapu hauna dawa hiyo, kwa sababu hewa chafu inatokea mahali ambapo maji ya trapu hayafiki.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Ni kweli konekta inanunuliwa, na simiti ipo tayari. Ila hesabu hiyo inaishia siku ya kwanza. Siku paipu itakapoziba au sinki itakapohitaji kusogezwa, kiungo cha simiti kitavunjwa kwa nyundo na patasi, na mara nyingi sinki huondoka nacho. Cha raba huchomolewa, husafishwa na kurudishwa. Wengine hunikumbusha vyoo vya zamani vilivyodumu na simiti. Vilidumu kwa kuwa paipu zake zilikuwa za udongo au chuma, zisizotanuka kama plastiki. Raba nayo huzeeka, nakubali, hasa ikipakwa grisi badala ya maji ya sabuni. Tena konekta haiokoi paipu iliyolazwa vibaya: isiposhuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita, uchafu utakwama, na hapo sakafu itapasuliwa tu.

Kazi yenyewe haihitaji ubingwa. Funga maji, kausha trapu, fungua skrubu, vuta sinki, ziba paipu kwa kitambaa ili hewa isipande, kwangua simiti ya zamani, lainisha ukingo, kisha toa kitambaa, vika konekta kwenye mdomo wa sinki na uisukume ndani ya paipu mpaka ikae. Paipu isipolingana na mdomo wa sinki, iko konekta iliyopinda. Kabla ya kukaza skrubu, mimina ndoo ya maji na uzungushe karatasi kavu kwenye kiungo; ikilowa, rudia. Na hili si la fundi peke yake: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Mpangaji hawezi kupasua sakafu isiyo yake ili aipate haki hiyo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayejenga leo adai kiungo kinachofunguka kabla ya kumlipa fundi, na fundi akiandika orodha ya vifaa, konekta iwemo.