Khyber: Mlango wa Bara Hindi

Msafiri atokaye Peshawar, nchini Pakistan, kwenda Afghanistan hupanda njia nyembamba ipitayo kati ya majabali makavu. Njia hiyo ndiyo Khyber. Milima mirefu imelizunguka Bara Hindi upande wa kaskazini mfano wa ukuta. Hapa ukuta una ufa, na kwa karne nyingi majeshi yalipenya humo.

Alexander wa Makedonia alipokuja, sehemu ya jeshi lake ilipita hapa. Mwaka 326 kabla ya Kristo alivuka mto Jhelum, akamshinda Mfalme Porus kwa taabu kubwa. Walipofika mto Beas, askari wake, waliochoshwa na vita na mvua, waligoma kuendelea.

Babur naye alishuka kutoka Kabul, akashinda vita vya Panipat mwaka 1526. Katika tambarare ile hapakuwa na mlima wa kumzuia asiingie Delhi.

Kusini mambo yalikuwa mengine. Uwanda wa juu wa Deccan una vilima na ngome nyingi. Humo Wamaratha, wakifuata mbinu za kiongozi wao Shivaji, walishambulia ghafla na kutoweka. Mfalme Aurangzeb, wa ukoo wa Babur, alipigana nao kwa miaka 25 na zaidi. Akiteka ngome hii, ile ilimponyoka. Alifia hukohuko mwaka 1707.

Naam, milima yaweza kuwa mlango wa mvamizi au ngome ya mwenyeji. Waamuzi ni watu waishio humo.