Kabla Presha Haijapanda

Kazi yangu yote imekuwa ya kusoma kondo la nyuma kwa hadubini, na ninachotetea katika kurasa hizi ni jambo moja: kifafa cha mimba tumekiita kwa majina ya dalili zake za mwisho, na majina hayo yametuchelewesha. Presha kupanda, uso na mikono kuvimba, protini kuonekana kwenye mkojo (zamani mkojo ulichemshwa juu ya moto, na protini ikaganda nyeupe kama ute wa yai), yote hayo hujitokeza baada ya wiki ya 20. Neno "presha" linatupeleka kwenye moyo, na "kifafa" linatupeleka kwenye ubongo. Wapo hata wanaosikia neno hilo wakamfikiria mganga kabla ya mkunga. Hitilafu yenyewe huwa imeshaanza wiki nyingi nyuma, pale kondo linapojishikiza kwenye mji wa mimba.

Ushahidi ulionishawishi kwanza ni mimba zabibu. Humo mara nyingi hakuna mtoto kabisa, ni tishu za kondo tu zilizovimba vichala vichala, na bado mama anaweza kuugua vilevile. Kwa hiyo si lazima awepo mtoto, kondo linatosha. Kisha ipo mishipa. Kuanzia 1967, Brosens, Robertson na Dixon walieleza jinsi seli za kondo zinavyoingia kwenye mishipa midogo ya mji wa mimba na kuibadilisha. Mimba inapokwenda vizuri, chini ya hadubini mshipa huonekana umepanuka na kulegea, msuli wa ukutani umetoweka, mahali pake pamebaki utando laini wa rangi ya waridi. Kwa mgonjwa, mshipa uleule ni mwembamba, msuli ungalipo, na pengine ukutani zimejipanga seli zilizojaa mafuta, nyeupe kama povu. Damu hupita hapo kwa shida. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni kiungo kati ya mshipa huo na figo za mama, na mwaka 2003 kikapatikana: Karumanchi na wenzake huko Boston walionyesha kwamba kondo linalougua humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa viini vinavyotunza ngozi ya ndani ya mishipa. Walipowafanya panya wawe nayo kwa wingi, presha ilipanda na figo zikavujisha protini, hata kwa panya wasio na mimba. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba kwa wanawake protini hiyo huongezeka kama wiki 5 kabla ya dalili.

Wanaonipinga wana hoja nzito. Wapo wanawake ambao mishipa yao haikupanuka, wakajifungua watoto wadogo, lakini presha haikupanda kamwe. Wenye kisukari, unene au maradhi ya figo huugua zaidi. Na wengine hupata degedege siku kadhaa baada ya kondo kutoka. Hili la mwisho halinisumbui: mishipa iliyokwisha kuumizwa haiponi siku ileile. Yale mawili yalinilazimisha kurekebisha msimamo. Kondo huanzisha, lakini mwili wa mama ndio unaopokea pigo, na mishipa iliyodhoofika tangu awali huangushwa na pigo dogo. Nakubali pia kwamba huenda jina hili linafunika zaidi ya ugonjwa mmoja, kwani unaoanza kabla ya wiki ya 34 hauendi sawa na ule wa mwishoni.

Huulizwa vilevile utafiti huu una faida gani wakati dawa ipo. Magnesiamu salfeti naiheshimu. Jaribio la Magpie la 2002, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini inazuia degedege tu, ugonjwa unaendelea, na tiba yake ni kuzalisha. Katika wiki ya 26 tiba hiyo humwokoa mama kwa kumhatarisha mtoto. Aspirini ya kila siku, kwa walio hatarini, huanzishwa kabla ya wiki ya 16, na sababu yake ni hiyohiyo: kondo bado linajijenga. Wala majibu haya hatuwezi kuyaazima yote kutoka nje. Utafiti uliofanywa Mulago, Kampala, na kuchapishwa 2015 uligundua kwamba baadhi ya wanawake wa Kiafrika wana mpangilio wa jeni za seli za kinga unaowakinga na ugonjwa huu, na mpangilio huo haupo kwa Wazungu. Damu ya Wazungu peke yake isingelionyesha hilo kamwe. Na bado, katika hospitali zetu nyingi, kondo la mwanamke aliyeugua hutolewa wodini kwenye ndoo na kutupwa kwenye shimo la kondo, bila hata kipande kimoja kukatwa.