Wapatidar, Wakulima wa Gujarat

Wengi wenu mmelisikia jina la Patel. Tangu zamani liliandikwa juu ya milango ya maduka katika Kenya, Uganda na Tanganyika, hata watu wakadhani ni jina la wachuuzi. Sivyo. Patel maana yake ni mkuu wa kijiji, na wengi wenye jina hilo ni wana wa wakulima. Twende basi kwa fikra mpaka kwao.

Ng'ambo ya bahari, magharibi ya Bara Hindi, liko jimbo la Gujarat. Humo, kati ya mito Sabarmati na Mahi, imetanda nchi ya Charotar, tambarare na yenye rutuba. Hulimwa tumbaku, uwele, mpunga na ndizi. Nyati wa kufugwa hukamwa asubuhi na jioni. Mwaka 1946, katika mji wa Anand, wakulima walianzisha ushirika wa maziwa wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, nao wasitawi hata leo.

Wahindu tangu kale wamegawanyika kwa matabaka: mtu huzaliwa katika tabaka lake, na desturi humtaka aoe humo humo. Wapatidar zamani waliitwa Wakanbi, yaani wakulima tu. Lakini kwa bidii ya jembe walipata mashamba na ukuu wa vijiji, wakajiita Wapatidar, maana yake wenye fungu la ardhi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1931 serikali ilikubali jina hilo. Hata hivyo, wao kwa wao hawakuwa sawa. Vijiji sita, kama Nadiad na Karamsad, vilijiona bora. Baba aliyetaka kumwoza binti yake huko alitoa mali nyingi, kinyume cha desturi yetu. Sheria ya mwaka 1961 ilikataza mahari ya namna hiyo, lakini haijakoma.

Ushujaa hawakukosa. Mwaka 1918 mavuno yalipokuwa yameharibika kwa mvua, Wapatidar wa Kheda walikataa kulipa kodi ya Waingereza, wakiongozwa na Gandhi na Vallabhbhai Patel. Mwaka 1928 wenzao wa Bardoli walifanya vivyo hivyo, bila silaha, na kodi iliyokuwa imeongezwa ikapunguzwa.

Lakini ni nani waliolima mashamba ya Bardoli? Wengi walikuwa Wadubla, waliofungwa kwa deni. Kijana alikopa fedha za arusi kwa bwana shamba, kisha yeye na mkewe wakamtumikia miaka na miaka, deni lisiishe. Na katika Charotar, Wavankar, mafundi wa kufuma nguo, walihesabiwa najisi, wasiteke maji katika kisima cha wengine. Katiba ya mwaka 1950 ilikataza unajisi huo, lakini moyo wa mtu hauongoki kwa siku moja. Katika hao Wavankar ndimo walimotoka Wakatoliki wengi wa Charotar, waliofundishwa na Mapadri Wayezuiti kwamba Mungu hakuumba mtu najisi.

Wasomaji, tusiwacheke Wapatidar. Kwetu pia yuko aliyeinuliwa na shamba au na shule, kisha akamlalia kibarua wake mshahara. Yeye aliyelilia haki jana, leo na aisikie sauti ya anayemlimia.