Mafuta Gani, Filtri Gani, kwa Pikapu Yetu?



Mnajua ya kama pikapu ya shule imefikisha kilometa za kufanyiwa vidanje. Bwana Prefe amekubali sisi wa mwaka wa sita tuifanye wenyewe, pamoja na shofere, feza za garaji zisitoke. Lakini tangu Jumatatu iko mabishano bwenini. Wengi wanasema: tununue mafuta ya barabarani, yale ya kuuzwa ndani ya chupa za maji, bei yake ni ya chini, filtri ya zamani ioshwe na mazuti, irudishwe, feza zitakazobaki ziende kwa sikukuu ya wafinalisti. Mimi, mkubwa wa wanafunzi, ninakataa. Naandika sababu zangu hapa, maana kule bwenini ni makelele tu.

Kwanza, kazi ya mafuta. Ndani ya motere vyuma vinapita karibu karibu sana. Mafuta yanakaa katikati visisagane, yanachukua joto, yanabeba uchafu mpaka kwa filtri. Motere ya mazuti inatoa masizi mengi, ndiyo maana mafuta yake yanageuka meusi upesi. Weusi peke yake si alama ya kuoza. Na kung'aa peke yake si alama ya uzuri. Basi mafuta hayachaguliwi kwa macho, yanachaguliwa kwa kusoma.

Tusome basi. Kitabu cha pikapu yetu kinaomba 15W-40. Hiyo W inatoka kwa neno la Kiingereza la majira ya baridi. 15W inaonyesha namna mafuta yanavyokubali kutembea kwenye baridi. Yanapimwa kwa digri 20 chini ya sifuri, na baridi ya namna ile hata Lubero haijulikani. 40 ni uzito wake kwa digri 100, motere ikiwa moto. Kwetu namba hii ya pili ndiyo yenye maneno. Wengine wanasema, «Mazito zaidi ndiyo mazuri zaidi.» Siyo. Yakipita kipimo, asubuhi yanachelewa kufika juu ya motere, na vyuma vinasagana vikingoja.

Kisha iko herufi za API. Zikianza na S ni mafuta ya motere za esansi. Zikianza na C ni ya mazuti. Kitabu kinaomba CF-4. Tukikosa hiyo, CI-4, iliyotoka mwaka 2002, inaweza kushika nafasi yake. Sasa niambieni: chupa ya maji imeandikwa herufi gani? Hakuna. Anayeuza mwenyewe hajui yalitoka wapi.

Tuje kwa filtri. Ndani yake ni karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imefungiwa ndani ya kopo la chuma. Kuiosha na mazuti hakutoi uchafu ulioshikwa katika karatasi, na hakuna anayeweza kufungua kopo aone kama imepasuka. Tena filtri iko na valvu ndogo. Filtri ikiziba, valvu inafunguka ili motere isikose mafuta, lakini mafuta yanapita bila kuchujwa. Taa haiwaki, shofere hasikii kitu, anafikiri mambo ni mazuri. Kumbe mchanga unakula motere polepole.

Filtri mpya nayo isichaguliwe kwa umbo. Mbili zinaweza kufanana nje, lakini nyuzi za kufungia au valvu ni tofauti. Tufuate namba ya kitabu. Siku ya kazi, tuangalie kama mpira wa filtri ya zamani haukubaki kwenye motere. Mipira miwili ikipandana, mafuta yote yatamwagika njiani. Mpira mpya upakwe mafuta kidogo, filtri ikazwe kwa mkono, si kwa ufunguo.

Ndugu zangu, pikapu hii si ya wafinalisti. Inaleta unga na maharagi tunayokula. Mwanafunzi akishikwa na homa usiku, wakati wa mvua, ndiyo inayompeleka hospitali. Sikukuu ni siku moja. Sisi tutaondoka, na wa mwaka wa kwanza watabaki na motere tuliyowaachia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa motere hatuna feza za kuujenga.

Mkutano ni Ijumaa saa kumi. Ninaomba mambo haya: bidoni zenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, kutoka duka linalotoa fakture; filtri mpya; fakture ibandikwe kwenye ubao wote waione; feza zitakazobaki, hata zikiwa kidogo, ndizo ziende kwa sikukuu. Mafuta ya zamani yarudishwe ndani ya bidoni, yasimwagwe bondeni tunapochota maji.

Mwenye sababu nyingine aje nayo Ijumaa, tutamsikiliza.